Saa ya Mishale na Saa ya Tarakimu: Ipi Inasomeka Nyumbani?

Ukiingia katika nyumba ya mfanyakazi wa mjini siku hizi na kuanza kuhesabu saa zilizomo, huenda ukashangaa. Ipo ile ya ukutani sebuleni, na ipo ya mkononi mwa mwenye nyumba. Ukidhani hesabu imekwisha, utakumbuka kwamba kila simu ya mkononi ni saa, kingamuzi cha televisheni kina saa, redio ina saa, na jiko la maikrowevu, kwa wale walio nalo, lina saa pia. Nyumba ambayo zamani iliridhika na saa moja ya kengele, iliyotiwa ufunguo kila usiku kabla ya watu kulala, leo ina saa sita au saba, na aghalabu hakuna mbili zinazokubaliana.

Pamoja na wingi huo, ni wachache wanaojiuliza kwa nini uso wa saa uko kama ulivyo, na ni nani aliyeamua uwe hivyo. Watu wengi hununua saa kwa kuangalia bei na mng'aro wake, kisha huitundika mahali popote penye msumari. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi saa na vyombo vingine vya tarakimu vilivyopata sura tunazoziona leo, na kutoa hoja moja: kwamba umbo la chombo cha nyumbani ni sehemu ya kazi yake. Sisi tusemao Kiswahili tunayo sababu ya pekee ya kulichungua umbo hilo, kwa kuwa hesabu yetu ya saa ilikaa vizuri juu ya uso wa mishale, lakini haikai vizuri juu ya kioo cha tarakimu. Hasara yake inaonekana katika dawa tunazokunywa, katika safari tunazofunga na katika kazi tunazowahi.

KUTWA HUANZA JUA LICHOMOZAPO

Mswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, na saa za usiku jua linapotua. Hesabu hiyo inatokana na mahali tunapoishi. Karibu na mstari wa ikweta mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, kila kimoja saa kumi na mbili, wala jua halibadili sana wakati wake wa kuchomoza. Kwa hiyo mkulima, mvuvi na mfanya biashara wote waliweza kuitegemea alfajiri kuwa mwanzo wa hesabu. Saa moja asubuhi ni saa moja tangu kupambazuke, na saa moja usiku ni saa moja tangu jua kutua.

Saa zilizoletwa kutoka Ulaya zilikuwa na hesabu nyingine, ile inayoanza usiku wa manane na tena adhuhuri. Wazee wetu hawakuzikataa saa hizo, wala hawakuiacha hesabu yao. Walitambua kwamba uso wa saa ni duara lenye namba kumi na mbili, na kwamba tofauti ya hesabu mbili hizo ni saa sita kamili, yaani nusu ya duara. Basi wakauacha mshale mfupi uelekee unakoelekea, nao wakasoma namba iliyo upande wa pili wake. Mshale ukiwa kwenye namba nane, mkabala wake ni mbili, na watu husema ni saa mbili. Ukiwa kwenye kumi na mbili, mkabala wake ni sita, ndipo huitwa saa sita. Mshale mrefu wa dakika husomwa vilevile ulivyo. Wapo pia waliozitega saa zao moja kwa moja kwa hesabu ya Kiswahili, mshale mfupi ukaelekea kwenye moja kulipokuwa na saa moja.

Tazama, ndugu msomaji, ubora wa chombo hicho. Uso mmoja, pasipo kubadilishwa hata kidogo, uliwatumikia watu wa hesabu mbili. Karani wa meli aliyesoma saa nane kwa hesabu ya Kizungu, na mchukuzi wa bandarini aliyesoma saa mbili kwa hesabu ya Kiswahili, waliweza kuutazama mnara mmoja na kila mmoja akapata jibu lake. Mtoto naye alijifunza jambo hilo kwa macho kabla hajajua kutoa na kujumlisha, kwa sababu lilikuwa ni jambo la kutazama upande wa pili tu.

KUTOKA KAMANI HADI FUWELE

Ili tuelewe mishale ilivyopata mshindani, hatuna budi kutazama kilichotokea ndani ya saa. Kwa karne nyingi saa ndogo iliendeshwa na kamani, ule utepe wa chuma unaojikunja mtu anapotia ufunguo, kisha ukajikunjua polepole na kuyazungusha magurudumu ya meno. Gurudumu la mizani lilicheza huku na huku, na kila mchezo ukawa kipimo cha wakati. Joto, vumbi, mafuta yaliyoganda na mtikisiko viliweza kuipotezea saa majira, na ndiyo maana kila mji ulikuwa na mafundi saa, wenye lenzi jichoni na vibano vidogo mkononi.

Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele za baadhi ya mawe, kwatzi ikiwa mojawapo, hutoa umeme zinapobanwa. Baadaye ikathibitika kwamba kinyume chake pia ni kweli: fuwele ikipelekewa umeme, hutikisika, na mtikisiko wake hauyumbi. Mwaka 1927 Warren Marrison na J. W. Horton wa maabara ya Bell nchini Marekani waliitumia tabia hiyo kutengeneza saa ya kwanza ya kwatzi. Hata hivyo chombo hicho kilikuwa kikubwa mno kwa mtu kukichukua, na kwa miaka mingi saa za namna hiyo zilibaki katika maabara na vituo vya vipimo.

Kampuni ya Seiko ya Japani ndiyo iliyoanza kuuza saa ya mkononi ya kwatzi, tarehe 25 Desemba 1969 mjini Tokyo. Iliitwa Astron na bei yake ilikuwa yeni 450,000, takriban bei ya gari dogo kwa wakati huo. Ilikosea kwa sekunde 5 tu kwa mwezi, ilhali saa nzuri ya kamani iliweza kukosea kiasi hicho au zaidi kwa siku moja. Fuwele ya saa za kawaida za leo hutikisika mara 32,768 kwa sekunde. Saketi ndogo huigawa hesabu hiyo kwa mbili, kisha kwa mbili tena, hata ifikapo mara ya kumi na tano inabaki moja, nayo ndiyo sekunde. Kazi iliyofanywa na magurudumu mengi sasa ilifanywa na kipande cha jiwe, betri na kijisahani chenye saketi.

TARAKIMU ZINAWAKA

Maadamu ndani ya saa hamkuwa tena na haja ya magurudumu, wasanifu walijiuliza kama nje kulikuwa bado na haja ya mishale. Jibu la kwanza lilitoka Marekani. Kampuni ya Hamilton ilitangaza saa yake iitwayo Pulsar mwaka 1970, na ikaanza kuiuza mwaka 1972 kwa dola 2,100, ikiwa katika kasha la dhahabu. Uso wake ulikuwa kioo cheusi kitupu. Mtu alipobonyeza kitufe, tarakimu nyekundu ziliwaka kwa muda mfupi kisha zikazimika, kwa kuwa taa zake zilikula betri haraka. Waliopenda sinema waliiona mkononi mwa mcheza sinema Roger Moore katika mchezo wa James Bond wa mwaka 1973. Ilikuwa ni saa ya fahari. Lakini ilimtaka mtu atumie mikono miwili ili ajue wakati, na mtu aliyebeba mtoto au aliyening'inia ndani ya basi hana mkono wa pili.

Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa kioo cha aina nyingine. Kati ya vioo viwili vyembamba huwekwa kimiminiko maalumu ambacho, kinapopata umeme kidogo sana, huzuia nuru isipite, na hapo mistari myeusi huonekana. Mwaka 1973 Seiko ilitoa saa ya mkononi yenye kioo hicho na tarakimu sita, iliyoonyesha wakati daima bila kubonyezwa. Mwaka 1974 Casio ilitoa Casiotron, iliyojua yenyewe miezi yenye siku 30 na yenye siku 31. Bei nazo zikaanza kuporomoka: mwaka 1976 kampuni ya Texas Instruments iliuza saa ya tarakimu yenye kasha la plastiki kwa dola 20. Chombo kilichokuwa cha matajiri miaka minne tu nyuma kikawa cha mwanafunzi.

Mporomoko huo uliwaumiza wengine. Uswisi, nchi iliyosifika kwa saa kuliko nchi yoyote, ilikuwa na wafanyakazi wapatao 90,000 katika viwanda vyake vya saa mnamo mwaka 1970. Hata kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki takriban theluthi moja tu. Vijiji vya milimani vilivyoishi kwa kazi ya kuchonga magurudumu vilipoteza riziki yao. Waswisi walijibu tarehe 1 Machi 1983 kwa saa ya plastiki iitwayo Swatch, yenye kwatzi ndani na mishale usoni. Wahandisi wake, Elmar Mock na Jacques Müller, waliipunguza hata ikawa na vipande 51 tu, ilhali saa nyingine za namna hiyo zilikuwa na 90 au zaidi. Iliuzwa kwa bei nafuu na kwa rangi nyingi, na watu wakainunua kama wanunuavyo nguo. Lakini kasha lake lilikuwa limefungwa kwa kuyeyushwa, hivyo fundi hakuweza kuifungua. Betri ilibadilishwa kwa kifuniko kidogo cha nyuma. Kilichoharibika ndani kilitupwa pamoja na saa nzima.

Jambo hilo lilifika hata kwenye meza za mafundi saa wa miji yetu. Fundi aliyejifunza kwa miaka mingi kusafisha mizani na kubadili kamani, leo kazi yake kubwa ni kubadili betri na mikanda. Tunapoisifu bei rahisi, ni haki tukumbuke kwamba sehemu ya bei hiyo imelipwa na ufundi uliokosa kazi.

WALIOFIKIRI KABLA YA KUCHORA

Katika mbio hizo wapo wasanifu waliojiuliza kwanza mtumiaji anahitaji nini. Mmoja ni Hans Hilfiker, mhandisi wa Shirika la Reli la Uswisi, aliyechora saa ya vituo vya treni mwaka 1944. Aliondoa namba zote akaacha vistari vyeusi vinene juu ya uso mweupe, ili abiria aisome kutoka mwisho wa jukwaa. Katika miaka ya 1950 uliongezwa mshale mwekundu wa sekunde wenye duara kwenye ncha, mfano wa kile kibao ambacho mkuu wa kituo humwinulia dereva aondoke. Mshale huo hufika juu mapema kidogo, ukasimama ukingoja ishara ya umeme kutoka saa kuu, kisha dakika mpya huanza kwa saa zote za nchi pamoja. Uzuri wa saa hiyo ulidumu hata kampuni ya Apple ikauiga uso wake mwaka 2012 katika kompyuta zake za kishikwambi, na baadaye ikakubali kuulipia.

Mwingine ni Max Bill, Mswisi aliyekuwa mkuu wa kwanza wa chuo cha usanifu cha Ulm, Ujerumani. Katika miaka ya 1950 aliichorea kampuni ya Junghans saa ya jikoni yenye nyuso mbili: juu uso mkubwa wa saa ya kawaida, na chini yake uso mdogo wa kupimia dakika za chakula kilicho motoni. Ni wazi kwamba alimfikiria mpishi ambaye mikono yake ina unga na macho yake yako chunguni.

Wa tatu ni Dietrich Lubs wa kampuni ya Braun ya Ujerumani, aliyefanya kazi chini ya Dieter Rams, mkuu wa usanifu wa kampuni hiyo tangu 1961 hadi 1995. Saa zao za kengele zilikuwa ndogo na nyeusi au nyeupe, na rangi ya kung'aa iliwekwa mahali penye maana tu. Katika kikokotoo chao cha mwaka 1987 kiitwacho ET66, vitufe ni vya mviringo na vimebinuka kidogo juu ili kidole kivitambue, na kile cha kutoa jibu ni cha manjano ili jicho likipate upesi. Rams alishikilia kwamba usanifu mzuri ni ule uliopunguzwa hadi pasibaki kisichohitajika.

Huko Japani, Ryusuke Moriai alichora saa ya Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989 na ambayo hadi leo inatengenezwa. Ina uzito wa gramu 21, betri yake hudumu kiasi cha miaka 7, ina kengele na taa, na inapatikana hata katika vibanda vya mitaani. Haina madaha yoyote. Pengine ndiyo iliyo karibu zaidi na methali yetu isemayo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

VIPANDE SABA VYA TARAKIMU

Tarakimu za saa hizo zina sura yao ya pekee. Kila moja imeundwa kwa vipande saba vilivyonyooka, vitatu vya kulala na vinne vya kusimama. Vyote vikionekana ni nane. Kikiondolewa cha katikati inakuwa sifuri. Kwa njia hiyo vipande saba huweza kuandika tarakimu zote kumi kwa gharama ndogo, na ndiyo sababu sura hiyo imeenea nyumba nzima: katika mizani ya jikoni, kipimajoto, kipimo cha shinikizo la damu, na mita ya umeme ya LUKU.

Lakini kila kizuri hakikosi ila. Mshale ukikatika kila mtu huona. Kipande kimoja cha tarakimu kikifa, tarakimu hubadilika kuwa nyingine iliyo kamili na yenye kuaminika. Nane iliyopoteza kipande cha chini kushoto husomeka tisa. Iliyopoteza kile cha juu kulia husomeka sita. Sasa mfikirie mama anayempima mtoto homa usiku. Joto la 38 likisomeka 39, atapata hofu isiyo na sababu. Na likisomeka 36, ataridhika isivyofaa. Kwa ajili hiyo vipimajoto vingi vya tarakimu, vinapowashwa tu, huonyesha nane tupu kwa nukta chache. Wengi hudhani ni pambo. Maana yake ni kumwezesha mtumiaji kuhakikisha kwamba vipande vyote ni vizima. Nane moja ikiwa na pengo, chombo hicho kisiaminiwe. Jambo hili lina uzito zaidi leo, kwa sababu vipimajoto vya zebaki vinaondoka: Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliuweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kuvitengeneza na kuviuza baina ya nchi, kwa sababu ya sumu ya zebaki.

Mita ya LUKU nayo ina somo lake. Namba ya kuingizia umeme ina tarakimu 20, na hakuna kichwa cha kawaida kinachoweza kuzishika zote kwa pamoja. Zikigawanywa katika mafungu matano ya nne nne, hata mtoto wa shule huweza kumsomea mzazi fungu moja baada ya jingine bila kukosea. Nafasi tupu kati ya mafungu haigharimu kitu, lakini ndiyo inayoifanya namba isomeke. Huo ni usanifu, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

SAA MBILI IPI?

Turudi sasa kwenye hesabu yetu ya saa. Uso wa mishale uliweza kusomwa pande mbili. Kioo cha tarakimu hakina upande wa pili. Kikiandika 8:00, hakuna mkabala wa kuutazama; msomaji hana budi kufanya hesabu kichwani. Kikiandika 20:00, hesabu inakuwa ndefu zaidi. Hata mtu akiichagulia simu yake lugha ya Kiswahili, maneno hubadilika lakini saa hubaki ileile ya Ulaya. Chombo kinasema Kiswahili kwa mdomo, na Kizungu kwa saa.

Tuchukue mfano wa mgonjwa aliyeambiwa anywe kidonge kila baada ya saa kumi na mbili, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Anayemtegea kengele ya simu, akiwa na haraka, anaandika 2:00. Simu itaita saa nane, wakati mgonjwa amelala fofofo au yuko kazini, nayo saa mbili itapita kimya. Kwa dawa za shinikizo la damu, kifafa au zile za kupunguza makali ya virusi, ambazo nguvu yake hutegemea kunywewa kwa wakati uleule kila siku, kosa la saa sita si dogo.

Mfano wa pili ni safari. Tiketi ya basi huweza kuandikwa saa 12 asubuhi, na ya ndege 06:00, kumbe ni wakati mmoja. Mbaya zaidi ni ndege ya usiku. Tiketi yenye 01:30 ya tarehe 12 maana yake ni saa saba na nusu ya usiku ule unaoanza jioni ya tarehe 11, kwa kuwa saa ya Kizungu hubadili tarehe saa sita usiku, ilhali sisi tunauhesabu usiku kuwa kitu kimoja tangu magharibi. Anayekwenda uwanjani jioni ya tarehe 12 ataikuta ndege imekwisha ondoka karibu siku nzima.

YA KUFANYA NYUMBANI

Hatusemi kwamba saa za tarakimu zitupwe. Zina usahihi, ni rahisi, na aliyepanga kazi ya zamu anajua faida ya kengele yake. Bali ni vyema kila familia izingatie mambo machache.

Kwanza, nyumba yenye watoto iwe na walau saa moja ya mishale ukutani, yenye namba zote kumi na mbili na mishale miwili inayotofautiana wazi kwa urefu. Mtoto afundishwe kuisoma kwa hesabu zote mbili. Duara humwonyesha pia kiasi cha wakati kilichobaki, jambo ambalo tarakimu haziwezi: robo saa anaiona kuwa ni robo ya duara.

Pili, wote wa nyumbani waijue kanuni hii. Tangu 7:00 hadi 18:00, toa sita. Tangu 19:00 hadi 24:00, toa kumi na nane. Tangu 1:00 hadi 6:00, ongeza sita. Kwa hiyo 14:00 ni saa nane mchana, 20:00 ni saa mbili usiku, na 5:00 ni saa kumi na moja alfajiri. Kanuni hiyo ikiandikwa kwenye karatasi na kubandikwa karibu na saa ya ukutani, itawafaa wageni na wazee pia.

Tatu, anayetega kengele ya dawa aandike jina la dawa pamoja na kengele, na asilale kabla ya kuisoma tena kwa sauti: asubuhi, mchana au usiku. Anayempa mwenziwe miadi asiseme saa tu bila kutaja sehemu ya siku.

Nne, unaponunua saa au chombo cha tarakimu, kitazame ukiwa umesimama hatua tano mbali, kisha kitazame kwa upande, na mwangani. Tarakimu zikipotea, kiache. Hesabu vitufe vyake na uulize kila kimoja kina kazi ngapi. Kitufe chenye kazi nne kitamshinda bibi na kitamchosha hata kijana. Umeme unapokatika na kurudi, je, saa yake hukumbuka wakati, au humetameta tu hadi atafutwe anayeijua? Uliza aina ya betri, kama inapatikana mtaani kwako, na kama fundi anaweza kulifungua kasha.

La mwisho ni la vijana wetu wanaojifunza kuandika programu za simu. Tofauti ya hesabu hizi mbili ni sita, namba moja isiyobadilika. Kutengeneza uso wa saa usemao saa mbili usiku kunapokuwa saa mbili usiku hakuhitaji kiwanda wala mtaji mkubwa. Hilfiker aliwafikiria abiria wa reli, na Bill aliwafikiria wapishi. Anayesubiriwa sasa ni msanifu atakayemfikiria mgonjwa wa Kigoma au wa Lamu, anayetazama simu yake gizani na kutaka kujua, bila kufanya hesabu, kama saa ya dawa imefika.